Dakika Sita za Kwenda Boyani na Kurudi

Jumatatu, 4 Machi

Nimekalia kuti kavu. Mkuu wa ufukwe alituita ofisini saa mbili asubuhi, mimi na shemeji, akatusomea karatasi bila hata kutukaribisha viti. Kuanzia mwezi ujao ufukwe wetu utabaki na mwokoaji mmoja tu wa ubao. Jumamosi ya tarehe 16 tutapimwa. Unalala kifudifudi juu ya ubao, unapiga maji kwa mikono hadi boya la njano, unalizunguka, unarudi. Dakika sita. Atakayeshinda anabaki baharini. Atakayeshindwa anapewa funguo za kibanda cha vitu vilivyopotea.

Kibanda! Miaka kumi na moja naingia baharini, leo nikapange ndala za watu?

Na mpinzani wangu ni nani? Mdogo wake mke wangu. Ana miaka ishirini na sita, analala nyumbani kwangu, anakula mezani kwangu, na kazi hii nilimtafutia mimi mwenyewe miezi minane iliyopita. Niliandika kwa mkono wangu kwamba ni binti hodari sana majini. Kiherehere hiki sijui nilikitoa wapi.

Mchana, watu wakiwa wanakula, nilijipima kwa siri. Dakika nane na sekunde kumi. Niliporudi nililala mchangani nikajifanya nachunguza kaa. Mama mmoja mpita njia aliniuliza kama aniitie mtu.

Jumanne, 5 Machi

Nguvu sina, umri unakwenda, tumbo hilo hapo. Basi nitashinda kwa sayansi.

Katika kabati la ofisi, chini ya makoti ya mvua, nimepata kijitabu kuhusu mpigo wa mkono juu ya ubao. Nimekisoma mara moja tu na nimekielewa chote. Mkono uingie majini mbele kabisa, vidole vikiwa vimeachana kidogo tu. Kiwiko kibaki juu, kigasha, yaani toka kiwiko hadi kifundo, kisimame, ili kiganja na kigasha viwe ukuta mmoja unaosukuma maji nyuma. Vuta moja kwa moja, bila kupindapinda. Ukifika pajani, toa mkono taratibu, usirushe maji. Ukurasa wa mwisho unasema kila mtu ajipime mwenyewe majini kwa kuhesabu mipigo yake. Hayo ni mambo ya wanaoanza. Nimeuruka.

Kijitabu nilikitoa nimekificha ndani ya fulana. Shemeji alinikuta mlangoni akaniuliza kama tumbo linauma. Nikasema linauma. Akaniletea maji ya moto na kusimama hapo mpaka nikayamaliza.

Jumatano, 6 Machi

Sitafanya mazoezi baharini. Akiniona tu atajua ninalo jambo. Nimejenga mtambo wangu chumba cha stoo: meza ya kupigia pasi nimeilaza juu ya viti viwili, na kwenye nondo za dirisha nimefunga mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Nalala kifudifudi, nashika ncha za mipira, navuta. Kiwiko juu! Kiganja nyuma! Leo nimevuta mara mia mbili.

Mke wangu alifungua mlango akanikuta hapo juu. Aliuliza kama leo nguo hazipigwi pasi. Nikamwambia mgongo unanisumbua na daktari ameshauri nijinyooshe. Akauliza daktari gani. Nikavuta mpira kwa nguvu ili nisisikie vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Usingizi haukuja vizuri. Haitoshi mimi kwenda mbio. Lazima na yeye akawie.

Basi nimemwandikia shemeji somo zima, kurasa nne, pamoja na michoro. Kila kitu nimekigeuza. Kiwiko kizame chini. Vidole vibanwe mpaka viume. Mkono upite kama nyoka, kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Mwandiko wangu mzuri kabisa, michoro nimeipaka rangi kwa kalamu za mwanangu.

Nilimkabidhi mezani mbele ya wote, nikasema sisi ni familia, ushindani usitutenganishe. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wala mkono haukutetemeka. Shemeji aliinuka akanishukuru kwa mikono miwili. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kitu kirefu namna hii. Baba mkwe, ambaye alifanya kazi posta miaka thelathini na minne na anaheshimu sana karatasi, aliisoma yote kwa sauti. Machozi yalimlenga. Alisema binti yake mkubwa aliolewa na mtu.

Nilihisi kitu kikinibana kifuani. Nikaongeza chakula mara mbili, kikapita.

Jumamosi, 9 Machi

Mipigo mia nne! Mabega yamevimba, shati halifungi. Nimegundua siri ya mipira: mwanzo ni laini, mkono unakwenda wenyewe, lakini ukifika pajani inakaza, hapo ndipo panahitaji mwanamume. Basi nguvu zote nazihifadhi za mwisho. Mbele nateleza tu, nyuma nalipuka. Kijitabu hakikusema hivyo, lakini mwili wangu umesema.

Saa kumi jioni nondo moja iling'oka na kipande cha ukuta. Nimeirudisha kwa mkate uliolowa. Kwa mbali haionekani.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nilipanda mnarani na darubini nikamchunguza. Furaha! Shemeji amechanganyikiwa. Alikuwa anakwenda kutoka nguzo ya pili ya gati hadi ya tatu, anasimama, anachora kitu kwenye ubao kwa kipande cha nta, anarudi, anakwenda tena. Mara mkono unapita kama nyoka, mara unanyooka. Nikasema ndiyo hiyo, sumu imeingia.

Jioni, mezani, furaha iliniishia. Shemeji alisema, kwa adabu kabisa, kwamba amekuwa akihesabu. Kwa njia yangu ilimchukua mipigo arobaini na mmoja kutoka nguzo hadi nguzo. Akigeuza kila kitu kinyume, ilimchukua thelathini na mitatu. Amerudia mara sita, bahari ikiwa shwari na ikiwa na upepo. Akaniuliza kama huenda wakati wa kunakili niliichanganya michoro.

Vijiko vyote vilisimama. Baba mkwe aliniangalia. Mke wangu aliniangalia. Hata mwanangu, ambaye huwa hainui uso kwenye sahani, aliniangalia. Jasho lilinitoka masikioni, mahali ambapo sikujua jasho hutoka. Nikasema ni mbinu ya ngazi ya juu, matunda yake huonekana baadaye. Shemeji akasema sawa shemeji. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Halafu wakati wa kuosha vyombo alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kelele za mipira huwa anazisikia kupitia ukutani. Akanionya. Mpira unaanza mlegevu na unakaza mwisho, lakini maji ni kinyume. Nguvu inatakiwa pale mbele, mara tu mkono unapoyashika. Mtu akikazia mwisho anainua maji juu, mkia wa ubao unazama, anabaki palepale akitapatapa.

Nikamshukuru kwa tabasamu. Mjanja huyu! Anataka nipoteze imani siku tano kabla ya mtihani. Nimefunga mipira miwili miwili.

Jumatano, 13 Machi

Siku tatu. Leo chakula hakikupita. Nimesikia Mkuu akimwambia mtu wa tiketi kwamba kibanda kinahitaji mtu mzima mwenye subira. Alinitaja? Hakunitaja. Lakini macho yalikuwa yananielekea.

Lazima nijipime mara moja baharini, kwa siri, kesho alfajiri kabla ya zamu. Ninahitaji mtu boyani, anisomee saa nikifika nusu ya safari. Nani? Mke wangu hasemi na mimi tangu alipogusa ile nondo. Mwanangu ana shule. Nikamwendea baba mkwe.

Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Saa yake ya kupimia alizawadiwa siku ya kustaafu na haijawahi kukosea. Ana miaka sabini na mmoja, lakini alisema ujanani aliogelea. Nilimuuliza aliogelea wapi. Alisema mahali pengi.

Mpango ni huu: anakaa ndani ya tyubu ya lori, namvuta hadi boyani, namfunga hapo. Kamba na makoti ya kuelea vimo kabatini, na wiki hii funguo za kabati ziko kwa shemeji. Nikimwomba atauliza. Lakini mimi ni mtu wa kutatua mambo. Mipira yangu ninayo.

Alhamisi, 14 Machi



Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa majini. Hapakuwa na mtu. Baba mkwe alikaa ndani ya tyubu amevaa shati lake la posta, saa shingoni, miguu nje. Kumvuta hadi boyani kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea na nilimwambia huo hauhesabiwi. Nikaifunga tyubu kwenye pete ya boya kwa mipira minne, mafundo mazito. Alisema yuko imara kabisa. Nikarudi ufukweni. Nikapuliza filimbi. Nikaanza!

Mipigo ishirini ya kwanza nilijisikia mfalme. Mbele nateleza, nyuma nalipuka. Halafu nikaona pua ya ubao inatazama mbinguni. Kila nilipolipuka, mkia ulizama, maji yakaruka juu yakanirudia mgongoni. Nikakaza zaidi. Ukazama zaidi. Nilipoinua kichwa kuona nimefika wapi, boya lilikuwa pale. Baba mkwe hakuwapo.

Nilitazama kushoto. Tyubu ilikuwa inakwenda zake, kwenye ule mkondo unaotoka nje kando ya miamba, ambao kila siku huwa nawakataza watu wasiusogelee. Vipande vya mpira vilikuwa vinaning'inia kwenye tyubu. Wiki moja nzima nimeivuta ile mipira. Wiki moja. Sikuwaza.

Na mzee mwenyewe hakujua! Alikuwa ameinua saa juu, anapiga kelele kunisomea dakika zangu. Nne na nusu, alisema. Nne na robo tatu. Kisha akageuka, akaliona boya liko mbali, akanyamaza.

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Nilipiga maji kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo, na yule mzee hakuja karibu hata kidogo. Mkono ulikuwa unakwenda, ubao ulikuwa umesimama. Nilikuwa naiona sura yake. Aliacha kupiga kelele akawa ananitazama tu, anasubiri nifike. Aliamini nitafika.

Nikapuliza filimbi mpaka pumzi ikakata.

Kitu kikanipita kulia. Shemeji. Kumbe huja alfajiri kila siku kufanya mazoezi yake, na alikuwa nyuma ya gati muda wote. Hakuniangalia. Kiwiko juu, mkono unaingia mbele bila kelele, unashika maji, unavuta, unatoka. Maji hayakuruka. Nilipiga mikono mitatu, yeye akapiga mmoja, na kwa huo mmoja akaenda mbali kuliko mitatu yangu.

Alikuwa amebakiza urefu wa chumba hivi wimbi lilipoigeuza tyubu. Miguu ya mzee ikaenda juu. Halafu hakuna kitu. Tyubu peke yake, nyeusi, inaelea.

Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Saa ilikuwa huko chini pamoja naye. Shemeji aliuacha ubao, akazama, akatoka na kola ya lile shati la posta mkononi. Akamlaza juu ya ubao. Mzee akakohoa, akatapika maji, akakohoa tena, na kile kikohozi kilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Alimpeleka ufukweni. Kisha akarudi kunichukua mimi, maana mkondo ulikuwa umeanza kunichukua.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari amesema mapafu ya mzee ni mazima na apumzike. Amelala na blanketi mbili, anawahadithia wageni. Kila mgeni akija, mimi natoka kwenda kuangalia kitu uani.

Mke wangu ameniuliza swali moja tu. Ni nani aliyemfunga baba yake kwa mipira ya baiskeli? Nikasema ni mimi. Hakugomba. Alikwenda kukunja nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka nikaondoka mwenyewe. Natamani angenitukana.

Shemeji alimwandikia Mkuu taarifa. Nimeisoma alipokwenda kunawa. Ameandika kwamba mzee alisombwa na mkondo na waokoaji wote wawili waliingia majini kumfuata. Basi. Hakuna mipira, hakuna kufundishana uongo, hakuna mimi kuvutwa kwa mguu.

Kwa nini hakusema? Ana lake jambo. Nimewaza mchana kutwa na sijalipata.

Jumamosi, 16 Machi

Watu wengi walikuja kutazama. Hata mzee aliletwa, kwenye kiti, na blanketi.

Shemeji: dakika tano na sekunde kumi na mbili. Alirudi anahema kidogo tu kama aliyepanda ngazi.

Mimi nilipiga moyo konde. Kwa mipigo kumi ya kwanza nilijaribu kukazia mbele, kama alivyosema. Ubao ulikwenda! Nilishtuka. Kisha nikakumbuka ni ushauri wa nani, nikarudia mbinu yangu. Dakika saba na sekunde hamsini na nane. Yaani nimepunguza sekunde kumi na mbili ndani ya siku kumi na mbili. Nikamwomba Mkuu aandike hivyo kwenye taarifa. Kwa mwendo huo, miezi minne tu na nitakuwa chini ya sita. Mkuu alinipa funguo za kibanda.

Nimeula wa chuya. Nilipopita mbele ya kiti cha mzee nilitegemea anikaripie mbele ya watu. Alinishika mkono akasema pole mkwe wangu, ulijitahidi, hata siku ile nilikuona ukijitahidi. Nikavaa miwani ya jua.

Jumatatu, 18 Machi

Siku ya kwanza kibandani. Ndala thelathini, nyingi za mguu wa kushoto. Miwani tisa. Meno ya bandia, juu tu.

Asubuhi mke wangu alisema na mimi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alisema ni siku ya nne sasa, na sijamwambia mdogo wake asante kwa uhai wa baba yao. Alisema kama mdomo unakataa, niandike. Mwandiko ninao.

Mchana shemeji alikuja mwenyewe dirishani, na chakula changu nilichokisahau mezani. Alisema kama nataka, atanifundisha kila asubuhi kabla ya kazi, majini, taratibu, bila mipira. Nafasi ya pili ikifunguliwa mwakani niwe tayari. Alisema baharini anapenda kuwa na mtu wa nyumbani. Nilimwangalia sana. Nilikuwa naangalia vigasha vyake, maana jana mezani nilivipima kwa macho dhidi ya chupa ya maji na nimegundua ni virefu kuliko vyangu kwa upana wa kidole. Kumbe ndiyo siri! Si mbinu wala nini. Ameshinda kwa mifupa. Nikamwambia asante, ratiba yangu imejaa.

Alipoondoka nikachukua karatasi. Barua ya kwanza ilisema: Shemeji, siku ile niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na ulipotoka majini na baba mkononi, nililia. Nimeichana. Si ya kupeleka kwa mtu mnayeshindana naye.

Ya pili nimeichana pia. Ya tatu ndiyo nzuri. Inaanza hivi: Shemeji, asante kwa kumwokoa baba yetu. Mstari wa pili unahusu kiwiko chake cha kushoto, ambacho nilipokuwa navutwa nyuma yake nilikiona kinashuka kidogo, nikaona si vibaya kumsaidia. Niko ukurasa wa sita. Michoro bado.